Nilimwekea Mama Zamu

Kitambulisho changu kinasema nina miaka tisini. Muuguzi wa zahanati, msichana wa juzi tu, alikitazama, akanitazama, akakigeuza nyuma kama mtu anayetafuta kama kuna mwingine amejificha huko.

"Ayeyo, bibi yangu, tisini? Na umekuja hapa kwa miguu?"

"Nilikuwa nakimbia," nikamwambia. "Nikapunguza mwendo nilipowapita wazee wa miaka sabini, nisiwatie aibu."

Akacheka, akaandika, hakuuliza tena. Na angeuliza ningempa uwongo mwingine, maana uwongo ninao wa kugawia Garissa nzima na kubakisha wa kupeleka Mandera. Watu wananijua. Niliwahi kusema kwamba mwaka mmoja ukame ulizidi hata mamba wa Tana wakawa wanatembea barabarani wakiulizia kisima, na hakuna aliyenipinga. Mzee mmoja aliuliza tu waliulizia kwa Kisomali au kwa Kiswahili.

Lakini ya kitambulisho si ya kucheka. Jina lililoandikwa pale, Abshiro Gelle, si langu. Ni la mama yangu mzazi. Mimi ni Lul binti Hared. Nitaeleza ilivyokuwa, na safari hii sitaongeza chumvi, isipokuwa pale ambapo chakula hakiliki bila chumvi.

Tulikuwa watu wa ngamia, upande wa Hulugho. Wadogo zangu wawili walikufa kwa surua kabla hawajajua kutembea, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na sauti nne tu: ya baba, ya mama, yangu, na ya redio. Redio yenyewe ilikuwa kubwa. Ngamia mmoja aliibeba, wa pili akabeba betri, na wa tatu akabeba maneno, kwa sababu maneno ya siku zile yalikuwa mazito: kura, mpaka, bendera, uhuru. Wazungu walipokuja kuuliza watu wa jimbo letu wanataka kuwa wapi, baba alitembea siku nne hadi Garissa kwenda kusema anataka tuungane na Wasomali wenzetu wa ng'ambo. Akarudi na uso wa bwana harusi.

"Abo," nikamuuliza, "na ngamia nao waliulizwa?"

"Ngamia hawana mpaka, mwanangu. Ndiyo maana hawaulizwi."

Uhuru ulipofika, Desemba ya sitini na tatu, nilikuwa na miaka kumi na moja au karibu na hapo. Nairobi walipiga ngoma. Kwetu zilipita wiki mbili tu ikatangazwa hali ya hatari, na malori ya jeshi yakaanza kupita njia ambazo hata swala walikuwa wakiziogopa. Vijana waliingia porini na bunduki. Wenyewe walisema wanapigania nchi yao. Serikali iliwaita shifta, yaani majambazi. Baada ya muda mfupi kila mwenye fimbo alikuwa shifta, halafu na asiye na fimbo. Mwaka uliofuata baba aliondoka asubuhi moja na redio begani, ghafla imekuwa nyepesi. Alisema anakwenda Kismayu kusikiliza habari kwa karibu. Mpaka leo anasikiliza.

Tukabaki wawili, mama na mimi.

Hapa lazima niwaambie adabu ya kisima, maana bila hiyo mtaniona mpumbavu kuliko nilivyokuwa. Kwetu watu hufika kisimani kwa zamu, na zamu ni kitu kikubwa. Ngamia wa watu watatu wakikutana kwenye hori moja, siku hiyo kuna mtu atavunjwa meno. Sasa kama jirani yako bado yuko njiani na wanyama, wewe uliyetangulia unamwekea zamu. Unasimama mahali pake na kutaja jina lake kwa sauti: "Hapa ni Maka." Wote wakisikia, basi, pale ni pa Maka hata kama Maka mwenyewe yuko mwendo wa nusu siku. Akija, unasogea pembeni, anaingia. Hakuna anayeuliza neno. Mimi nilimwekea mama zamu hivyo tangu nina miaka sita. "Hapa ni Abshiro Gelle!" nilipiga kelele, kitoto chembamba kama kamba, na wanaume wenye mikuki walinipisha.

Ikaja mwaka wa sitini na sita. Lori lenye kipaza sauti lilizunguka likitangaza kwamba watu wote wahamie kwenye vijiji vya serikali, vilivyozungushiwa miiba na seng'enge. Mwisho ni Ijumaa. Atakayekutwa nje baada ya Ijumaa ni shifta, na wanyama wake ni wa shifta. Nyumba itakayokuwa haina mwenyewe itachomwa.

Siku hiyo mama alikuwa amefunga maji mgongoni. Ngamia wetu wawili waliozaa karibuni walikuwa wamepotea kuelekea mpakani, na bila maziwa yao tungekula nini huko kwenye seng'enge?

"Ijumaa nitakuwa hapa," akaniambia. "Usiibomoe nyumba mpaka nije. Mimi na wewe tutaipakia pamoja."

"Na usipokuja?"

"Lini nilisema nakuja nisije?"

Wanajeshi wakaja Jumatano. Kwa watu wote wale wenye saa mkononi, hakuna aliyejua siku.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Anaijenga yeye, anaibomoa yeye, anaipakia yeye, na mume akikorofisha anaweza kuamka asubuhi akajikuta amelala nje bila yeye kusogea. Kwa hiyo niliifungua peke yangu, miti ya kupinda upande mmoja, mikeka upande mwingine, vibuyu vya maziwa juu, nikampakia ngamia dume mzee aliyebaki. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa mrefu, hilo ndilo lililoniponza. Nilizaliwa mrefu, mkunga alinitoa kwa awamu mbili, akapumzika katikati.

Langoni kulikuwa na meza, nyuma ya meza karani kutoka bara, na pembeni yake mkalimani anayeitwa Dekow, kijana wa Garissa mjini mwenye shati jeupe. Aliyeamuru wote ni sajini mmoja tuliyempa jina la Filimbi, kwa kuwa hakuwahi kumwita mtu kwa mdomo. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama Maka, mjane mzee ambaye tulikuwa tukichunga naye.

"Mama yako yuko wapi?" akaninong'oneza.

"Njiani."

"Usiseme hilo hapa, binti. Jifunike kichwa. Haraka!"

Nilielewa. Msichana wa kwetu siku zile alikuwa anatembea nywele wazi, zimesukwa, kila mtu ajue hajaolewa. Mwanamke aliyeolewa ndiye anayefunga nywele kwa kitambaa cheusi, shashi. Shashi ya mama ya sikukuu ilikuwa kwenye mzigo. Nikaichomoa, nikaifunga.

"Mwenye nyumba hii ni nani?" karani akauliza, Dekow akatafsiri.

Wallahi, sikupanga kudanganya. Nilifanya nilichozoea kufanya. Nilisimama mahali pa mama na kutaja jina lake kwa sauti: "Hapa ni Abshiro Gelle."

Dekow alinitazama. Adabu ya kisima aliijua kama mimi. Lakini alimwambia karani, "Abshiro Gelle," na karani akaandika.

"Umri?"

"Thelathini," akasema Maka nyuma yangu kabla sijafungua mdomo.

Karani akainua macho. "Huyu? Thelathini?"

"Ni njaa," akasema Maka. "Njaa inapunguza miaka. Mimi mwenyewe nina mia na hamsini."

Nikabonyeza gumba kwenye wino na kwenye kitabu. Nikaingia nikiwa nimefurahi. Nilijiona mjanja kupita mbweha: zamu ya mama iko, jina lake liko, akija nitasogea pembeni ataingia. Sikujua kwamba kitabu cha serikali hakisogei. Na sikufikiri hata kidogo kuhusu Lul binti Hared, ambaye hakuandikwa popote, akabaki nje ya seng'enge kama mbuzi aliyesahauliwa.

Ijumaa ikapita. Na ya pili.

Kila asubuhi Filimbi alipuliza, tukajipanga, karani akaita majina. "Abshiro Gelle!" Nami naitika, "Niko." Halafu tunarudi kwenye nyumba zetu zilizopangwa mistari kama maboksi ya dukani, tukae, tusubiri unga wa manjano, tusubiri maji, tusubiri jua lichoke. Wale wanyama tulioingia nao walipungua wiki hadi wiki, malisho yalikuwa nje na ruhusa ya kutoka ilikuwa ya watu wachache. Dume letu mzee alilala siku moja akiangalia upande wa Hulugho, hakuamka.

Watu wa kwetu wote walijua mimi ni nani. Hakuna aliyesema. Lakini kujua na kukaa nawe ni vitu viwili. Wasichana wa rika langu walikaa kivulini wakisukana nywele na kucheka, na mimi sikuweza kwenda, maana nilikuwa mke wa mtu, na Filimbi alikuwa na macho. Rafiki yangu Nimo alipita mara moja mlangoni kwangu.

"Mama Abshiro," akaniita kwa sauti ya heshima, midomo inacheka, "watoto hawajambo? Mzee amerudi safari?"

"Amerudi," nikamjibu. "Ameniuliza lini unaolewa, ana rafiki yake hana meno, anatafuta mtu wa kumtafunia."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu mama yake akamvuta sikio akamwondoa, na hakuja tena. Mama yake hakuwa mbaya. Aliogopa tu.

Nikawa nahadithia nguzo za nyumba. Ile iliyokuwa karibu na kitanda ilipenda hadithi za fisi, ile ya mlangoni ilipenda za wafalme. Uwongo wangu wote mnaoujua ulianzia kwenye nguzo zile. Nguzo ni msikilizaji mzuri ila haichangii.

Wiki ya saba lori la doria lilileta watu sita waliookotwa porini. Utaratibu ulikuwa huu: jina lako likiwa kitabuni, au ukipata mtu wa kukutambua, unaingia. Ukikosa vyote unarudishwa kwenye lori na kupelekwa mahali ambapo hakuna aliyerudi kutueleza pakoje. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nachekecha unga nikasikia filimbi, kisha sauti ya karani ikiita jina langu, yaani la mama.

Nikaenda mbio nikijifunga shashi vizuri. Langoni nikamwona.

Alikuwa amebaki nusu. Kiatu kimoja, midomo imepasuka, mkononi kamba ya ngamia bila ngamia. Hakunitazama usoni. Alitazama kichwa changu, ile shashi yake ya sikukuu, na nikaona anasoma kila kitu kama mtu anayesoma nyayo: nyumba ilivyofunguliwa, foleni, meza, jina.

"Huyu mwanamke anasema yeye ni Abshiro Gelle," Filimbi akasema. "Na wewe unasema ni Abshiro Gelle. Mmoja wenu anacheza na serikali. Wewe, unamjua?"

Dekow akatafsiri taratibu, neno moja moja, kama anayenipa muda.

Nikisema ni mama yangu, basi mimi ni mwongo niliyetia gumba kwenye uwongo, na mwongo hawezi kumtambua mtu. Wote wawili lori. Nikisema simjui, lori ni lake peke yake. Kichwa changu kilielewa hivyo. Lakini miguu yangu ilijua kisima tu. Wallahi, nilikuwa nimeshapiga hatua pembeni, kumpisha.

Mama akacheka. Kicheko cha ajabu, kikavu.

"Astaghfirullah! Jua limenipiga," akasema. "Nilikuwa nataja watu ninaowatafuta, nimeanza na jirani. Abshiro ndiye huyu? Mashallah, kumbe kijana hivi. Mimi ni Osob. Osob Olow."

Osob Olow alikuwa mwanamke wa kwetu aliyefariki akijifungua, miaka miwili nyuma. Serikali haikuwa imesikia alizaliwa, sembuse kufa. Dekow akatafsiri yote bila kupepesa. Na kabla Filimbi hajajibu, Maka akaja akijikokota na fimbo, mikono juu.

"Osob! Binti wa dada yangu! Nilikuwa nimeshakulilia!"

Dada zake Maka wote walikufa watoto. Alimkumbatia mama kwa nguvu hata vumbi likatoka.

Filimbi hakuwa mjinga. Alitutazama wote watatu, kisha akanijia mimi. "Nimekuuliza. Unamjua?"

"Simjui."

"Sauti."

"Simjui!"

Mama alikuwa anaangalia chini, anafuta vumbi kwenye kamba.

"Haya," akasema Filimbi. "Aende kwa mama yake mkubwa. Lakini jina hilo halikutoka hewani. Nikiwaona nyinyi wawili mnazungumza, hata salamu ikizidi, mtapanda lori pamoja."

Karani akaandika: Osob Olow. Hivyo ndivyo mama yangu alivyoingia kijijini, akakaa nyumba ya Maka, hatua sitini na mbili kutoka mlangoni kwangu. Nilizihesabu kwa macho kila siku, kwa miguu sikuthubutu.

Saa za asubuhi zilikuwa mbaya kuliko zote. Karani akiita "Abshiro Gelle!" wanawake wawili walivuta pumzi. Mama alikuwa anauma pembe ya nguo yake ili asiitike, mazoea ya miaka thelathini si kitu cha kusahau kwa siku moja. Mimi naitika, "Niko," na yeye anatazama mbele. Salamu tulipeana kama majirani wasiopendana. "Nabad, Osob." "Nabad, Abshiro." Jina lake mwenyewe, kutoka kwenye kinywa chake, kuja kwangu.

Halafu akampata mbuzi.

Maka alikuwa na mbuzi mmoja jike, mweupe, kiziwi nadhani, maana mbuzi mwenye masikio angekimbia. Mama alianza kugombana naye. Alisimama nyuma ya nyumba ya Maka, upande wa upepo unaokuja kwangu, na kupaza sauti.

"Wewe mbuzi! Mbona umekonda hivyo? Ule unga chekecha mara mbili, una wadudu. Na mkeka wa upande wa mashariki umelegea, mvua ikija utalala kwenye maji. Mbuzi gani huyu asiyejua kukaza kamba!"

Nikakaza kamba. Kesho yake ikanyesha.

Mimi sikuwa na mbuzi, nikajibu kwa kugombeza nguzo. "Nguzo wewe, umesimama vizuri, umekula, usinung'unike!" Majirani walituzoea. Askari wa zamu walidhani wanawake wa Kisomali wote wana wazimu wa namna moja. Niliwahi kukohoa wiki nzima, mama akamwambia mbuzi kifua chake kinahitaji mafuta ya simsim, na jioni ile kwenye foleni ya maji kulikuwa na kikopo kimesahauliwa juu ya jiwe.

Siku nilipoona damu kwa mara ya kwanza, sikujua niende kwa nani. Kitabuni nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini, ningemuuliza nani jambo kama hilo mbele ya watu? Nilikaa ndani mpaka saa nane. Mwisho nikaiambia nguzo, kwa sauti ya kufika kwa Maka, kwamba leo mkeka wake umechafuka na haijaumia popote.

Mbuzi hakusemeshwa. Nikadhani upepo umegeuka.

Kisha nikamsikia, polepole, si kwa ugomvi.

"Mbuzi, usiogope. Huumwi. Umekua tu. Osha kwa maji baridi, si ya moto. Kunja kitambaa mara nne. Lala kwa ubavu wa kushoto. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mama yangu alinishika mkono siku hiyo, mbuzi. Alinishika mkono mpaka jioni."

Nililala kwa ubavu wa kushoto na kushika mti wa kitanda.

Miezi kumi na zaidi tuliishi hivyo. Oktoba ya sitini na saba Filimbi alitupanga, akatangaza kwamba wakubwa wa nchi mbili wamekutana Arusha, wamekubaliana, vita vinakwisha. Hakuna aliyeshangilia. Watu walitazamana kuona kama ni mtego. Lango halikufunguliwa siku hiyo wala mwezi huo, ila polepole likaanza kusahauliwa wazi. Ukaguzi wa asubuhi ukaruka siku moja, kisha mbili. Siku moja Filimbi mwenyewe akapanda lori, karani akapanda na sanduku la vitabu juu ya mapaja, wakaenda.

Vumbi halijatulia nikatembea zile hatua. Zilikuwa hamsini na tisa; macho yalikuwa yamenidanganya. Mama alikuwa anapeta mahindi mlangoni kwa Maka.

"Hoyo," nikamwita, yaani mama.

Akaendelea kupeta. "Unamwita nani?"

"Hoyo, wameondoka. Vita vimekwisha."

"Nimesikia. Wamesema vita vimekwisha." Akapuliza makapi. "Hawakusema kitabu kimechomwa. Nimemwona karani anakipakata kama mtoto. Siku wakikifungua tena watakuta gumba la nani pale?"

"Langu."

"Basi mimi ni Osob."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue kitabu kiko wapi."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia nilidhani ni zamu, nilidhani nikitaja jina lake wataniruhusu kusogea. Akanishika kichwa kwa mikono yenye unga.

"Ulitaja vizuri," akasema. "Ingekuwa kisimani ungekuwa umenisaidia sana."

Ngamia wale wawili hakuwahi kuwapata. Mwaka uliofuata tulihamia Garissa mjini, tukajenga pembeni, mimi nikauza maziwa ya watu kwa wake za askari, ndipo nilipookota Kiswahili hiki. Mama aliishi nyumbani mwangu kama mgeni. Nilidhani itapita. Mbele ya majirani nilimwita Habaryar, mama mdogo, na tukiwa wawili nilimwita Hoyo, mpaka siku moja akanizuia: "Ulimi hauna milango miwili. Siku utakayokosea itakuwa mbele ya mtu mbaya." Kuanzia hapo nikamwita Habaryar hata tukiwa wawili.

Niliolewa na Mahat, mchunga mbuzi mpole aliyejua yote na kunyamaza. Maalim aliyetufungisha aliambiwa jina la kweli sikioni, ili Mungu ajue ingawa karani asijue. Kwetu mama wa bibi harusi ndiye anayemwandalia binti nyumba. Osob alisuka mikeka miaka miwili, akiulizwa anasema ni ya mteja. Siku ya harusi alikaa nyuma na wageni, akapokea sahani yake kama wageni, akanipa pongezi kama wageni. Na serikali ilipokuja baadaye kuandikisha wanawake, alisimama nyuma yangu kwenye foleni, akanisukuma kidogo mgongoni. Nikasema, "Abshiro Gelle."

Alasiri moja wanangu walikuwa wamemzunguka. Mkubwa, Yarrow, alikuwa na umri wa kuuliza kila kitu. Mimi nilikuwa nimesimama na birika.

"Habaryar Osob," akasema, "wenzetu wote wana ayeyo wa upande wa mama. Sisi wetu yuko wapi?"

Nilimtazama. Miaka kumi na mbili ilikuwa imepita. Filimbi labda alikuwa amestaafu, analima mahindi kwao. Hakukuwa na mtu uani isipokuwa sisi na kuku.

Mama alikuna goti.

"Ayeyo yenu alitoka kufuata ngamia," akasema. "Bado hajarudi."

"Alikuwaje?"

"Mrefu. Mkali kidogo. Alipenda sukari nyingi."

"Hamkumtafuta?"

"Mama yenu alimtafuta sana." Akanyoosha kikombe bila kunitazama. Nikammiminia kupita ukingo, chai ikamwagika kwenye sahani, akaiinua akainywa ile ya sahani kwanza.

Yarrow akafikiri. Kisha, kama watoto walivyo, akaliacha hilo akashika lingine. "Hao ngamia walikuwa wangapi?"

"Aliowafuata wawili. Lakini kundi zima lilikuwa kubwa."

"Walikuwa na majina?"

"Wote," akasema mama, akaweka kikombe chini, akaanza kuwataja mmoja mmoja, na mama zao, na mama za mama zao, bila kukosea hata jina moja.